Mstari wa Kitanda

Wapwa wangu wawili walianza kuchana mistari ndani ya duka langu la kutengeneza redio, na kwa miaka mingi nilijisifia jambo hilo kama vile mimi ndiye niliyewazaa. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye meza ndefu, spika zilizotobolewa na panya, na harufu ya risasi ya kulehemu isiyotoka hata ukiacha madirisha wazi wiki nzima. Nyuma yake kuna vyumba viwili tulimoishi sisi watatu. Sikuwahi kuoa. Watu wakiniuliza, niliwaambia redio zinanitosha: zinaongea kutwa, lakini zina kitufe cha kuzimia.

Mkubwa alikuwa msichana, tukimwita Sindano, kwa sababu tangu utotoni neno lake liliingia bila kelele na kuuma baadaye. Mdogo wake, aliyezaliwa miaka mitatu baada yake, tulimwita Gogo. Alikuwa mtoto wa kulala. Ungeweza kumhamisha chumba hiki hadi kile asijigeuze. Mama yao alikuwa dada yangu wa pekee, fundi wa kushona nguo. Baba yao, shemeji yangu, alikuwa kinyozi. Dada alipougua figo, shemeji alimuuguza miezi miwili, kisha asubuhi moja akaaga kwamba anakwenda kazini na hakurudi. Sindano alikuwa na miaka kumi na miwili. Gogo tulimpeleka kwa bibi yake, maana nyumba yenye mgonjwa ilikuwa imetushinda. Miezi saba baadaye dada yangu alifariki, na watoto wote wawili wakaja kukaa nami.

Muziki ulianza kwa Gogo. Alikuwa akirudi shule, anachukua bisibisi, anagonga boksi tupu la spika mpaka nakosa pa kushika. Siku moja Sindano, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akaanza kusema maneno juu ya ule mdundo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemsema jirani. Alisema habari za mteja wangu aliyeleta redio ikiwa na mende ndani, akaniuliza kwa nini inakwaruza. Nilicheka mpaka nikaunguza waya. Kuanzia siku hiyo sikuwahi kuwa na kimya tena dukani.

Wakakua. Sindano akawa msusi katika saluni ya mtaa wa pili, Gogo alipomaliza shule akaajiriwa kwenye tanuri la mikate. Mistari mingi ya Sindano ilitungwa vidole vyake vikiwa kwenye nywele za watu. Mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba misuko yake imekwenda kwa mdundo, mmoja mnene, miwili myembamba. Gogo naye alikuwa na sauti nzito ambayo usingeitegemea kutoka kwenye mwili ule mwembamba uliojaa unga. Yeye hakuandika. Alikuwa akimjibu dada yake, akirudia neno moja la mwisho, au akiuliza swali katikati, na ghafla mistari inakuwa mazungumzo ya watu wawili waliolala chumba kimoja tangu wadogo. Walijiita Tumbo Moja.

Walishika nafasi ya tatu katika mashindano kwenye ukumbi wa manispaa. Mtayarishaji mmoja wa muziki akawapenda, akawaingiza studio, chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Nyimbo mbili za mwanzo zilipita kama hazikupita. Ndipo Sindano akaja na wimbo wa "Kinyozi".

Nakumbuka alivyotusomea. Ilikuwa Jumapili asubuhi, duka limefungwa nusu mlango. Alisimama kando ya meza, karatasi mkononi.

*Kinyozi ulininyoa, nusu ukaniachia,*
*Asubuhi uliaga, jioni hukuingia,*
*Mama hoi sakafuni, kitanda ukajitwikia.*

Gogo aliacha kugonga.

"Alichukua kitanda?" aliuliza.

"Alichukua," Sindano akasema.

"Cha Mama? Kile cha mbao nyeusi?"

"Kile kile."

Gogo hakuwapo miezi ile. Alirudi siku ya mazishi, akakuta chumba kitupu, na hakuna aliyekaa chini kumweleza kitu. Aliniangalia mimi. Nilijua kwamba mstari ule si wa kweli, na nilijua zaidi ya hapo. Nikashika chombo changu cha kulehemu, nikainama kwenye redio ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Mjomba, na wewe hukuniambia," Gogo alisema.

"Ulikuwa mdogo," nikamjibu.

Wimbo ulitoka Gogo akiwa na miaka kumi na saba. Ndani ya miezi miwili ulikuwa unasikika kila mahali: kwenye maduka ya simu, kwenye magari, kwenye vibaraza vya shule. Wenye baba waliokimbia waliupenda, na wenye baba waliobaki waliupenda pia, sijui kwa nini. Kwenye maonyesho, mstari wa kitanda ukikaribia, watu walikunja magoti, wakainuka kwa pamoja wakijifanya wamejitwika kitu kizito begani, huku wakiguna. Ukumbi mzima unabeba vitanda. Mara ya kwanza kuona jambo hilo, Gogo alilia jukwaani, na picha yake ikasambaa, na wimbo ukapanda juu zaidi.

Miaka mitatu waliishi juu ya wimbo huo. Walikuwa na nyimbo nyingine, na kwa sikio langu baadhi zilikuwa bora zaidi. Ule wa saluni, ambamo Sindano anasimulia siri alizoambiwa na vichwa vya watu, sijasikia mfano wake. Lakini popote walipokwenda watu walitaka kinyozi. Gogo naye alianza kuongeza maneno kabla ya wimbo. Alikuwa akishika maiki na kusema, "Huu ni wa mtu mzima aliyemwibia mgonjwa mahali pa kulala." Kila safari aliusema kwa hasira zaidi. Nyumbani alikuwa bado mpole, bado analala kama jina lake, lakini ukitaja baba, uso ulikuwa ukifunga kama duka. Sindano alikuwa akimtazama akisema maneno hayo, kisha ananitazama mimi, kisha anaangalia chini kutafuta waya wa maiki ambao haukuwa umepotea.

Niseme wazi: ningeweza kulimaliza jambo lile siku yoyote kati ya hizo. Nilikuwa napelekwa kwenye maonyesho kwa gari, naketi mbele, naitwa Mjomba wa Taifa. Mdomo wangu ulikuwa umeonja sukari.

Siku ambayo mambo yaligeuka, walikuwa wamealikwa redioni, kipindi cha saa nne asubuhi. Kwa heshima yao nilikuwa nimewasha redio zote saba zilizokuwa mezani, za wateja na zangu, zote kwenye kituo kimoja. Mtangazaji aliwauliza mambo ya kawaida, wakacheka, wakachana mistari miwili mitatu bila muziki. Kisha akafungua simu. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi. Wa pili alitaka kumposa Sindano. Wa tatu alikohoa kwanza.

"Mimi ni kinyozi," alisema.

Mtangazaji alicheka. "Karibu, kinyozi. Una swali gani?"

"Sina swali. Mimi ndiye yule." Nilimjua kwa kikohozi tu, kabla hajaendelea. "Wanangu, habari zenu. Yote mnayoyaimba ni ya kweli. Niliaga nikaondoka, mama yenu mgonjwa. Sina la kujitetea. Ila kitanda sikukigusa. Nilikiacha palepale, naye yuko juu yake. Nilitaka kusema hilo moja tu."

Simu ikakatika. Redio saba zikalia kwa pamoja ule mlio wa simu iliyokatika. Kisha ukawekwa wimbo wa watu wengine.

Gogo alifika dukani kabla hata wimbo huo haujatoka kichwani mwangu. Alikuwa amekuja kwa miguu, anatweta. Sindano aliingia nyuma yake dakika chache baadaye, ameshika viatu mkononi kwa sababu alikuwa amemkimbilia.

"Nataka mtu mmoja anijibu," Gogo alisema. "Kitanda alichukua au hakuchukua?"

Nilifungua mdomo. Sindano akaniwahi.

"Hakuchukua."

"Kwa hiyo uliimba nini?"

"Nilihitaji kina," alisema. "Nilikuwa na *achia*, nilikuwa na *ingia*. Nikakosa cha tatu. Nikatia kitanda."

Alisema hivyo huku akinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yakiniomba ninyamaze, au yalikuwa yakiniomba niseme. Mpaka leo sina hakika. Nilichagua kusoma lile lililonifaa.

"Dada," Gogo alisema polepole, "wewe ulihitaji kina. Mimi miaka mitatu nasimama mbele ya watu namwita baba yangu mwizi. Nimeota nikimpiga. Nimekataa hata kunyolewa na mtu, najinyoa mwenyewe kama kichaa, kwa sababu ya kina."

"Aliondoka, Gogo. Hilo si kina."

"Aliondoka. Ningemchukia kwa hilo. Hilo lilinitosha, hukuwa na haja ya kuniongezea."

Alikusanya nguo zake kwenye mfuko wa unga, akahamia chumba cha wafanyakazi nyuma ya tanuri. Tumbo Moja ikawa imekwisha, ingawa hakuna aliyetangaza.

Miezi mitano Sindano alijaribu peke yake. Nilikwenda kumtazama mara moja, mchana, kwenye uwanja wa shule. Aliimba "Kinyozi" akiruka mstari wa kitanda, na watu wakaubeba hivyohivyo, kwa nguvu zaidi, wakidhani amewaachia nafasi waumalizie wenyewe. Kila mahali ambapo Gogo alikuwa akiuliza swali, Sindano aliacha pengo, na pengo likakaa pengo. Alishuka jukwaani akaniambia, "Mjomba, ni kama kuongea na simu iliyokatika." Usiku huo hakula. Mimi nilikula, na bado sikusema kitu.

Gogo ndiye aliyeleta yaliyobaki. Alikuja siku ya mapumziko yake, saa sita mchana, akavuta stuli ya wateja akaketi mbele ya meza yangu. Alikuwa amenyolewa vizuri sana. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona.

"Nimekwenda kumwona," alisema.

Namba ya simu alikuwa amepewa na yule mtangazaji. Shemeji alikuwa akiishi mji mwingine, mwendo wa saa tano, ana kibanda cha kunyolea kando ya soko, kioo kimoja, viti viwili na kimoja kimevunjika. Gogo hakujitambulisha. Alikaa kwenye kiti kama mteja.

"Akanifunga kitambaa, akanishika kichwa kukigeuza. Mkono ukasimama. Akapapasa hapa nyuma, kwenye lile kovu la kuanguka ngazini utotoni. Akaniambia, 'Sura nasahau, kichwa sisahau.' Kisha akaendelea kuninyoa, Mjomba. Hakuacha mpaka akamaliza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumkuta jitu. Nikakuta mzee anatafuta miwani ambayo ameivaa."

"Alisema nini?"

"Alisema aliogopa. Aliona Mama anakwisha, akaogopa, akakimbia. Hakupamba. Aliniambia watu waliomjua tangu zamani waligundua wimbo ni wake, wateja wakawa wakiingia kibandani wanabeba vitanda, akahama mara mbili." Gogo alisugua vidole vyake, kama mtu anayetoa unga ambao haupo. "Lakini kuna kitu sikuelewa. Alisema alipokaa huko miezi mitatu, alimpigia Mama simu. Alitaka kurudi. Mama akamwambia, 'Rudisha kwanza kitanda changu, ndipo uongee na mimi.' Akamuuliza kitanda gani. Mama akakata simu. Alidhani ni maneno ya homa, au anafukuzwa kwa mafumbo. Hakupiga tena."

Nilizima chombo cha kulehemu.

"Sasa mimi najiuliza," Gogo aliendelea. "Dada alitunga mstari ule miaka minane baadaye. Mama alikuwa hajui mistari wala vina. Mama aliambiwa na nani?"

Kuna maswali ambayo mtu huyasubiri muda mrefu hata yakifika anaona nafuu. Nikamweleza. Nayaeleza hapa kama nilivyomweleza.

Kitanda kile dada yangu alikinunua kwa jasho la cherehani yake, kabla hajaolewa. Alikipenda kuliko kitu chochote chumbani. Alipougua aliniapisha: "Nikifa mtauza mnachotaka. Nikiwa hai, kitu changu kisitoke mlangoni." Mwezi mmoja baada ya shemeji kuondoka, alilazwa hospitali, hajitambui, na dawa alizoandikiwa zilinishinda. Nikauza kitanda kwa seremala wa mtaa wa nyuma. Kilikuwa kizito. Sikuwa na mtu wa kunisaidia, Gogo yuko kwa bibi yake. Upande wa kichwani nilibeba mimi, upande wa miguuni aliubeba Sindano, msichana wa miaka kumi na miwili, begani, mchana kweupe, majirani wakiangalia. Njiani alipumzika mara tatu.

Dawa zilimsaidia dada, akarudi nyumbani akakuta godoro sakafuni. Nilijua atauliza. Nilijua pia kwamba sitaweza kumtazama. Basi kabla hajaletwa nilimwambia Sindano, "Mama akiuliza, sema baba alikuja kukichukua." Niliona kwamba mtu mwenye makosa kumi halemewi na la kumi na moja. Dada aliuliza. Mtoto akajibu kama nilivyomfundisha. Na dada yangu akalala juu ya godoro lile mpaka mwisho akiamini kwamba mumewe alirudi kwa ajili ya kitanda, si kwa ajili yake.

"Habari ya ile simu sikuijua," nilimwambia Gogo. "Ndiyo kwanza naisikia kwako."

Nilitegemea anitukane, ningefurahi kama angenitukana.

"Kwa hiyo Dada alibeba kitanda," alisema, "akabeba na uongo wako, na siku ile hapa akakubeba na wewe mwenyewe. Na wewe ukakaa hapohapo ulipokaa sasa, ukaniacha niondoke."

"Ndiyo."

"Mjomba, wewe umenilea." Alisema hivyo tu, akasimama, akarudisha stuli mahali pake, akatoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Sindano. Gogo alikwenda moja kwa moja saluni, akasimama katikati ya wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele. Sindano alikuwa ameshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu bado.

"Dada, Mjomba ameniambia."

"Amekuambia yote?"

"Yote."

"Basi kaa pale nimalize hiki kichwa."

Alikaa kwenye benchi saa mbili nzima, akiwa na gazeti la mitindo mapajani, wanawake wakimtania, na mara moja moja alimwinulia dada yake macho. Mteja alipoondoka walifunga mlango. Waliyoongea sikuambiwa, na sikuuliza. Jioni walikuja dukani pamoja. Gogo hakunisalimia wiki ile, wala iliyofuata, ila alikula nilichopika.

Wazo la kurudi redioni lilikuwa langu. Niliwaomba wasinisemee. Nimefungua redio maelfu, najua kila kilichomo ndani yake, lakini sikuwahi kukaa upande ule mwingine, na ilibidi nivishwe vile visikizi kichwani kama mwanafunzi. Nilisema niliyoyasema. Halikuwa jambo refu. Mtangazaji aliniuliza kwa nini nimechelewa miaka yote hiyo, nikamjibu kwamba sikuchelewa, nilijificha. Hakuniuliza tena.

Watu hawakunihurumia na sikustahili. Mjomba wa Taifa alikufa siku ileile. Mtaani naitwa Kitanda mpaka leo, watoto wananiamkia kwa jina hilo kwa adabu zote, "Shikamoo, Mzee Kitanda." Wateja wengine walihamisha redio zao kwa fundi mwingine. Wengi wakarudi, kwa sababu fundi yule ni mbovu.

Sindano alichukua karibu mwaka kukubali kwenda kumwona baba yake. Gogo alikuwa amekwishakwenda mara nne, hakuwa akimsukuma. Siku aliyoamua, alitaka nifuatane naye, na nilikuwa na deni langu la maneno kwa shemeji. Tulimkuta anafagia nywele mbele ya kibanda. Nilimwomba radhi pale pale nikiwa nimesimama. Aliweka ufagio, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, mlango ulioufunga wewe, mimi niliugonga mara moja tu. Mwanamume mwenye nia angegonga mara mbili." Tukashikana mikono. Hatukuwa marafiki, na sisi si marafiki hata sasa, lakini tunapigiana simu.

Sindano alibaki mlangoni.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Aliketi kwenye kile kiti kilichovunjika, kwa tahadhari. Wakatazamana kupitia kioo, si uso kwa uso.

"Kitanda hukuchukua," Sindano alisema. "Lakini uliondoka."

"Niliondoka."

"Kwa hiyo wimbo utabaki. Mstari mmoja ndio utatoka."

"Ni haki yako."

"Naacha pengo, watu wanalijaza wenyewe. Nataka cha kutia pale. Kitu cha kweli."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha wateja. "Asubuhi ile," alisema, "nilisimama kituoni. Gari la kwanza lilikuja, sikupanda. La pili likaja, sikupanda. Nilikuwa naweza kurudi nyumbani; ni mwendo wa dakika tano. La tatu nilipanda."

"Magari mawili yalipita?"

"Mawili. Moja la kijani, la pili silikumbuki."

Sindano aliandika mgongoni mwa mkono wake kwa kalamu ya kaunta. Njia nzima tukirudi midomo yake ilikuwa ikicheza. Wiki iliyofuata alikuja dukani Jumamosi asubuhi, Gogo akachukua bisibisi, na nikasikia yafuatayo:

*Mama hoi yu chumbani, nawe kituoni watulia,*
*Magari mawili yamepita, la tatu ukaparamia.*

Baada ya *yamepita*, Gogo anauliza kwa ile sauti yake nzito, "Mangapi?" na Sindano anarudia, "Mawili." Nilipousikia mara ya kwanza, nilitamani kile kitanda kirudi. Uongo wangu ulimfanya shemeji kuwa mwizi tu. Mstari huu mpya ulimwonyesha akiwa amesimama, ana nafasi ya kurudi, na hakurudi. Sindano alimpigia simu akamsomea kabla ya kuurekodi. Alisikiliza, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa. Uachie."

Tumbo Moja haijarudi pale ilipokuwa. Wakati wao umepita, wapo vijana wengine, na kumbi wanazoimbia wawili hawa siku hizi ni ndogo. Gogo amekuwa msimamizi wa zamu tanurini, Sindano ana saluni yake yenye viti vitatu. Wanatoa wimbo mmoja kwa mwaka, wakati mwingine hata mmoja hautoki, kwa sababu Gogo ameota tabia mpya: kila mstari ambao dada yake anausoma, anamsimamisha na kumuuliza ilikuwaje hasa, nani alikuwepo, mvua ilikuwa inanyesha au la. Sindano hukasirika, humwita hakimu, humwambia ahame chumba. Kisha anakaa, anafuta, anaanza upya, na mimi naendelea na redio zangu. Wiki iliyopita wamebishana siku tatu juu ya rangi ya mlango wa nyumba ya zamani. Mimi nilikuwa najua ni ya buluu. Waliponiuliza, nilisema.